Kufuli la Valdüra

Shemeji yangu Balser alikibeba kibanda cha Valdüra mgongoni kabla hajaanza kunyoa ndevu. Mwaka 1927, chama cha wapanda milima cha mjini kilipoamua kujenga kule juu, chini ya pengo la mpakani kati ya Uswisi na Italia, nyumbu wa mizigo walifika kwenye malisho ya mwisho tu. Kutoka pale ni saa tatu za kupanda juu ya mawe, na kila boriti, kila kioo na kila mfuko wa misumari ulipanda kwa miguu ya wanaume wa Pradaint. Balser alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake, seremala Tumasch, alimfunga mgongoni bamba la chuma la jiko la kuni, kilo hamsini na nane, akamwambia, "Ukichoka, simama. Usikae. Ukikaa hutainuka." Hakukaa.

Mimi naitwa Mengia. Dada yangu Uorschla aliolewa na Balser mwaka 1937, na mwaka uliofuata Balser akakabidhiwa kibanda akitunze. Nilipokua nilifanywa tarishi wa kijiji. Barua zote za Pradaint zilipita mkobani mwangu, wakati wa joto kwa miguu, wakati wa theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea. Nasema hivi mjue kwamba mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyabeba mwenyewe bila kujua nimebeba nini.

Msimu wa kibanda ulikuwa Machi hadi Mei, theluji inapokuwa imetulia na siku zimerefuka. Watu walikuja kutoka mijini na skii zao, wamezifunga ngozi chini zisiteleze kurudi nyuma wakipanda. Walifika mchana wamechomwa na jua, midomo imepasuka, wakamkuta Balser amesimama mlangoni kama askari.

"Skii nje! Hapa si zizi."

"Tumechoka, bwana mtunza kibanda."

"Umechoka lakini mikono unayo. Kung'uta theluji viatuni. Kisha andika jina lako kwenye daftari, na kesho unakokwenda. Usiniandikie 'kilele'. Vilele viko kumi na moja hapa. Nikija kukutafuta nianze na kipi?"

Waliandika. Wakapewa supu ya shayiri na nyama kavu, wakalala wamebanana kama dagaa, na alfajiri Balser alitoka kwanza, akakanyaga theluji, akachimba kwa fimbo, akaangalia kama itaporomoka. Akisema "leo hapana", hakuna aliyebishana naye mara mbili. Alikuwa mkali, na nadhifu kupita kiasi. Blanketi zilikunjwa kwa kipimo chake. Kuni zilipangwa kama ukuta wa kanisa. Hilo la kuni lieleweni vizuri: kule juu hakuna mti. Kila gogo liliwahi kuwa mgongoni mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa yeye.

Miezi mingine yote mtunza kibanda hushuka kijijini. Sebule kubwa hufungwa, madirisha hupigwa mbao. Lakini upande usiopigwa na upepo kulikuwa na chumba kidogo chenye vitanda sita, jiko, blanketi na kuni. Tulikiita chumba cha kipupwe. Hicho hakikufungwa. Tumasch aliutengeneza mlango wake kwa komeo la mti linaloinuliwa kwa kidole, ili yeyote aliyekamatwa na dhoruba aingie, awe nani, awe ametoka upande gani wa mpaka.

Na watu wa upande wa pili walipita. Baada ya vita, vijana wa Livrasca, bonde la Waitalia nyuma ya pengo, walikuja kununua kahawa na tumbaku dukani kwetu, halali kabisa, kisha wakavuka mlima na mizigo ya kilo thelathini kwa njia ambazo askari wao wa forodha hawakuzipenda. Dukani kwetu walikuwa wateja; wakivuka kwao walikuwa wahalifu. Njia ya pengo ilikuwa ndefu, kibanda kilikuwa katikati, na chumba cha kipupwe kilikuwa wazi.

Februari ya 1953 Balser alipanda kukagua. Akakuta mlango haukurudishwa, theluji imejaa ndani hadi kwenye vitanda. Mabenchi mawili yalikuwa yamechomwa, nusu ya kuni imekwisha, na blanketi nne hazipo. Jioni hiyo tulikula kwa dada yangu, na Balser hakugusa kijiko.

"Blanketi nne," alisema. "Na mabenchi ya marehemu baba."

"Pengine walikuwa wanakufa na baridi," Uorschla alisema.

"Mtu akifa na baridi huchoma benchi, hilo sawa. Lakini blanketi anapeleka wapi? Anampelekea mama yake zawadi?"

Mimi nikajaribu utani, maana ndiyo haki ya shemeji.

"Wewe Balser, ungeweza ungetia kufuli hata kwenye upepo."

"Cheka tu. Hujapandisha gogo hata moja pale."

"Nilipandisha barua zako za mapenzi kwa dada yangu nikiwa na miaka kumi na minne. Zilikuwa nzito kuliko magogo, na zimejaa makosa ya herufi."

Dada yangu alicheka hadi akashika ubavu. Balser hakucheka. Usiku uleule aliandika barua kwa wakubwa wa chama mjini, na asubuhi akanipa nikaitia mkobani. Sikujua ndani kuna nini. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili: walimshukuru kwa uangalifu wake, na walikubali ombi lake. Chumba cha kipupwe kitiwe kufuli. Ufunguo mmoja akae nao Balser, wa pili ukae ofisini kwao, na anayetaka kukitumia chumba aombe mapema.

Novemba Balser alipanda na kufuli la shaba kubwa kama ngumi. Aliporudi aliingia kilabuni kunywa bia, na pale alikuwepo Mzee Peider, mwindaji, aliyekuwa mmoja wa wabebaji wa mwaka ule wa ujenzi.

"Nasikia umefunga," Peider alisema.

"Nimefunga."

"Baba yako aliuchonga ule mlango bila tundu la ufunguo. Unadhani alisahau?"

"Baba hakuwahi kuibiwa."

"Tumasch? Ameibiwa kuliko wewe. Ila yeye alikuwa akipandisha kuni nyingine na kunyamaza."

"Basi mimi siye baba."

"Hilo tunaliona," Peider akasema, na kilabu kizima kikacheka. Balser akaacha bia nusu, akatoka.

Februari iliyofuata ilikuja dhoruba ya siku tatu. Ilitoka upande wa Italia, na mle kijijini hatukuona hata nyumba ya jirani. Siku ya nne mbingu ikafunguka, siku ya sita theluji ikawa imeshikamana, na Balser akasema anapanda kuona kama paa limehimili. Mtu hapandi peke yake baada ya dhoruba. Kaka yetu alikuwa mgonjwa wa mafua, na skii nilizijua kuliko wanaume wengi. Nikaenda naye.

Tulifika karibu adhuhuri. Jua lilikuwa kali, theluji inaumiza macho. Paa lilikuwa zima. Tulizunguka upande wa chumba cha kipupwe, na kwanza niliona gunia. Lilikuwa limesimamishwa kukinga upepo, limefunikwa barafu. Nyuma ya gunia alikuwepo mtu amekaa, mgongo wake umeegemea mlango, miguu ameikunja, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Ungedhani amepumzika kusubiri mwenyeji arudi.

Balser alisema, "Kaka." Akasema tena, kwa lugha ya upande wa pili. Halafu akapiga magoti.

Mkono wa kulia wa yule mtu ulikuwa hauna glavu. Kando yake palikuwa na kisu, na ncha ya kisu ilikuwa haipo. Ilikuwa mlangoni, imevunjikia ndani ya mbao, karibu na pete ya kufuli. Alikuwa ameichimba ile mbao kuizunguka pete, kina cha nusu kidole. Mbao ya Tumasch ilikuwa ngumu.

Tulimsogeza. Balser akatoa ufunguo mfukoni. Nilidhani kufuli litakuwa limeganda, nadhani hata yeye aliomba liwe limeganda. Lilifunguka mara moja. Akausukuma mlango, akasimama kizingitini akatazama ndani: vitanda sita, blanketi zimekunjwa, jiko limesafishwa, na ukutani kuni zimepangwa hadi darini.

"Mengia," aliniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Kuni zipo. Angalia. Kuni zote zipo."

Kisha akachukua shoka lililokuwa ndani, akatoka, akapiga lile kufuli na pete yake hadi mbao ikapasuka. Alivirusha vyote bondeni. Hatukusikia vikianguka, theluji ilikuwa nene.

Tulimfunga yule mtu kwenye machela ya kuburuta tukashuka naye. Balser alishika kamba ya mbele njia nzima na hakukubali nimpokee.

Jina lake lilikuwa Celso Gurini, wa Livrasca, umri miaka thelathini na moja. Walikuwa wanne. Watatu waligeuka dhoruba ilipoanza, yeye akasema kibanda kiko karibu kuliko nyumbani. Polisi wa bonde letu aliandika nusu ukurasa: kifo cha baridi, hakuna kosa la mtu. Ndugu zake walimzungusha kwa barabara ya chini, safari ya siku nzima, wakamzika kwao. Chama cha mjini kilituma barua ya masikitiko, nami nikaibeba. Iliandikwa kwamba hakuna awezaye kulaumiwa. Balser aliisoma mara moja akaitia jikoni.

Hilo ndilo lililokuwa likimla. Angepata mtu wa kumlaumu yeye, angepumua. Mzee Peider mwenyewe, tuliyedhani atasema, alipokutana naye njiani alimvulia kofia tu akapita. Balser alifanya kazi zake, alikamua ng'ombe, Machi alifungua kibanda na kupika supu. Lakini hakuwafokea tena wageni kuhusu viatu. Mtu akimsemesha aliitikia kwa kichwa. Dada yangu aliniambia, "Mengia, nalala na mtu aliyekaa. Hata akilala, amekaa."

Julai theluji ilipoondoka pengoni, Balser alisema anakwenda Livrasca.

"Kufanya nini?" Uorschla aliuliza.

"Kumwambia mkewe."

"Ameshajua kwamba mumewe amekufa."

"Hajui kuhusu kufuli."

Uorschla alinivuta kando kwenye ghala la nyasi. "Nenda naye. Usimwache avuke peke yake. Sipendi anavyozitazama kingo za majabali." Nikaomba ruhusa posta, nikaenda.

Ni mwendo wa saa tisa kutoka Pradaint hadi Livrasca. Tulilala kibandani, asubuhi tukavuka. Nyumba ya Gurini ilikuwa ya mwisho juu ya kijiji, na juu yake kuna shamba la nyasi lililoinama kama paa. Mwanamke alikuwa akikata nyasi kwa mundu mrefu wa mikono miwili. Tumbo lake lilikuwa la miezi saba. Mtoto wa miaka mitano alikuwa akikusanya nyuma yake kwa reki iliyomzidi urefu.

Balser alivua kofia. "Wewe ni mke wa Celso Gurini?"

"Mjane wake. Naitwa Delfina. Kama mmeleta kahawa, hapa hakuna wa kuibeba tena."

"Mimi ndiye mtunza kibanda cha Valdüra."

Alisimamisha mundu. "Ah. Ndio ninyi mliomshusha. Mungu awalipe."

"Usiniombee," Balser alisema. "Sikiliza kwanza. Mlango ulikuwa na kufuli."

"Mlango upi?"

"Wa chumba ambacho huwa wazi. Ulikuwa na kufuli."

Delfina alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza kama huyu bwana ana akili timamu. "Haiwezekani. Celso aliniambia kila mara. Nilikuwa nikilia akitoka, naye ananiambia, Delfina, acha ujinga, pale juu kuna nyumba ya Waswisi, haifungwi. Aliniapia."

"Alisema kweli. Miaka ishirini na sita haikufungwa. Kisha ikafungwa."

"Nani aliifunga?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

Nilijua angeweza kusema, chama. Barua ya chama ilikuwepo, mimi ndiye niliyeileta. Ingekuwa mimi ningesema chama.

"Hakuna aliyenituma," Balser alisema. "Niliomba mwenyewe. Waliniibia blanketi."

Yule mtoto alikuwa ameacha kureki.

"Aliteseka?" Delfina aliuliza.

"Alijaribu kuufungua kwa kisu. Kisu kilivunjika."

Nilitamani nimzibe mdomo. Lakini yule mwanamke aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea hesabu aliyoitaka iwe sahihi. Alisema, "Padri ameniambia Mungu alimwita. Mama mkwe ameniambia Mungu alimwita. Kijiji kizima kinaniambia Mungu alimwita. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kulikuwa na mlango."

Nilidhani atampiga. Mundu alikuwa nao mkononi na ulikuwa mkali. Badala yake aliugeuza, akamsukumia Balser mpini kifuani.

"Nyasi hizi zilikuwa za Celso kuzikata," alisema. "Kata."

Akamshika mtoto mkono, akateremka nyumbani bila kugeuka.

Balser alikata hadi jua likatua. Tulilala kwenye ghala lake bila kukaribishwa. Kesho yake alikata, nami nikareki, na siku ya tatu tukapandisha nyasi ghalani. Delfina alituletea ugali wao wa mahindi ya njano na jibini, akauweka juu ya jiwe, akaondoka. Tulipomaliza, Balser alinoa mundu kwa kinoo, akautundika, tukavuka kurudi. Njiani, karibu na pengo, alikaa juu ya jiwe akalia. Sikumgusa. Niliangalia upande mwingine hadi alipomaliza, na aliposimama aliniuliza kama bado nina mkate.

Julai iliyofuata alikwenda tena, bila kuitwa. Na iliyofuata. Mwaka wa tatu Delfina alimwambia, "Kuna mvua, utakula ndani au unataka kunitia aibu kwa majirani?" Mwaka wa tano walianza kugombana kuhusu namna ya kupanga nyasi, na Balser alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyegombana na dada yake. Mtoto wa tumboni alizaliwa msichana, akaitwa Celsa. Yule mkubwa, Ettore, alifundishwa mundu na Balser mwenyewe. Miaka kumi na minne Balser alikata shamba lile. Mwaka 1968 Ettore, kijana wa miaka kumi na tisa na mabega kama mlango wa ghala, alimwambia, "Mzee Balser, kaa. Unakata kama unachana nywele za bibi harusi. Tutamaliza Krismasi." Balser akamwachia mundu.

Mwaka huo nilikuwepo. Nilimuuliza Delfina tulipokuwa tukiosha vyombo, kama alikwisha kumsamehe. Nilikuwa na ujasiri wa kijinga wakati ule.

"Watu wanaliuliza sana neno hilo," alisema. "Sijui linavyotamkwa. Ninachojua, asipokuja mwezi wa saba, naenda kusimama pale juu kuangalia pengoni kama anakuja."

Nimetangulia kidogo, nirudi nyuma mwaka mmoja. Mwaka 1967 chama cha mjini kilikuwa na viongozi wapya, vijana wa ofisini, waungwana. Walikuja Pradaint kufanya mkutano kilabuni. Chumba cha kipupwe kilikuwa kinaharibiwa, walisema: watu walikuwa wakipanda na chupa za mvinyo, wakifanya sherehe, wakiacha takataka. Pendekezo lilikuwa kukifunga. Hawakujua la zamani. Waliokuwa wakijua walikuwa wamekufa au wamestaafu.

Balser alisimama. Katika miaka yote ile hakuwahi kulitamka mbele ya watu.

"Kiliwahi kufungwa," alisema. "Mimi nilikifunga." Akasimulia kuanzia blanketi hadi kisu, bila kupamba, kama mtu anayesoma daftari. Hakuna aliyegusa glasi yake.

Kijana mmoja wa mjini, mpole wa sauti, akasema, "Mzee, pole sana. Lakini dunia imebadilika. Sasa watu wana redio, wanasikia hali ya hewa kabla hawajatoka."

"Wewe una redio?"

"Ninayo."

"Jana ilisema nini?"

Kijana akatabasamu kwa aibu. "Jua."

Nje mvua ilikuwa ikipiga madirisha tangu asubuhi. Watu walicheka, na kicheko kile kiliwalegeza wote. Balser hakucheka. Alisema, "Fungeni sebule. Fungeni jikoni. Chumba kile mkikifunga, tafuteni mtunza mwingine, na mtafuteni asiye wa kijiji hiki." Mzee Peider, wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa amesinzia pembeni, au tulidhani amesinzia, akagonga meza kwa kiko chake mara moja. Wanaume wengine wa Pradaint nao wakagonga. Viongozi wa chama walinong'onezana, wakaliondoa pendekezo, na hata barua hawakuandika.

Machi 1970 watu watano, wauguzi kutoka mjini, walinaswa na dhoruba wakiwa wanavuka kutoka upande wa pili. Balser alikuwa amechelewa kufungua kibanda kwa sababu magoti yalikuwa yamemvimba, hivyo hakukuwa na mtu. Waliupapasa ukuta hadi wakapata komeo, wakainua, wakaingia. Walikaa siku mbili na nusu. Mmoja wao, dada anayeitwa Regula, alikuja baadaye Pradaint kuomba radhi, nami nilikuwa nimekaa jikoni.

"Tumeharibu, mzee. Kuni ziliisha. Tulichoma mabenchi."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Na meza?"

"Meza tuliiacha. Tuliona ni nzuri mno."

"Wapumbavu!" Balser akafoka, na Uorschla akaangusha mfuniko. Tulikuwa hatujaisikia sauti ile kwa miaka kumi na sita. "Meza ndiyo mbao kavu kuliko zote mle ndani! Mngeanza na meza!"

Yule dada aliangua kilio na kicheko pamoja. Balser alimkatia nyama kavu, akamwekea mkate, akamkalia mbele hadi akala yote. Kiangazi kile alichonga tena mabenchi mapya.

Aliacha kazi mwaka 1976, akiwa na miaka sitini na mitano, magoti yameisha. Mpwa wetu Riet alichukua. Balser alibaki kijijini akitengeneza skii za watu na kuwafokea watoto waliopita na viatu vichafu, jambo lililotufurahisha. Uorschla alitangulia mwaka 1979. Baada ya hapo nilikuwa nikimpelekea chakula, na tulitaniana kama zamani. Aliniambia supu yangu ingeweza kuziba paa linalovuja. Nilimwambia aende akale kwa Waitalia basi. Na kweli alikwenda, kwa basi la kuzunguka, mara mbili kwa mwaka.

Oktoba 1984 alishikwa na homa ya mapafu, wakampeleka hospitali ya bonde la chini. Nilikaa naye siku tano. Ettore alifika, sasa mwanamume wa miaka thelathini na mitano, akaleta jibini ambalo mgonjwa hakuweza kulila, tukalila sisi na wauguzi. Delfina, aliyekuja naye, alikaa upande wa pili wa kitanda akifuma soksi.

Mchana wa siku ya tano Balser alifumbua macho akaniuliza nje kukoje. Nikamwambia theluji ya kwanza imeanguka, imeshuka hadi kwenye misonobari.

"Mapema," alisema.

"Mapema, shemeji."

"Basi watu wavae vizuri."

Alifariki saa kumi. Tulimzika Pradaint siku ya Jumatano, kaburi lilichimbwa na Riet na Ettore, na ardhi ilikuwa bado laini.